Waliitikia Dua

Rais alitangaza akiwa amesimama juu ya gari, kando ya barabara: silanga la Kyuso lizungushiwe ua, na maji yake yapelekwe kwenye mashamba ya mradi mpya wa serikali. Silanga ndilo bwawa pekee linalobaki na maji kiangazi. Deqa, mfanyabiashara wa mbuzi, aliisikia habari hiyo redioni akawatazama mbuzi wake. Hawakuwa na pengine pa kunywa.

Hakukata tamaa. Katiba inasema mwananchi asikizwe kwanza. Siku ya kikao cha maoni alifika mapema, akaketi mbele pamoja na jirani yake Kitonga, mkulima wa ndengu. Walikubaliana Kitonga aanze, kwa kuwa ni mwenyeji, naye Deqa amalizie.

Wageni wa serikali walifika na kamera jua likiwa utosini. Afisa kutoka Nairobi aliusifu mradi mpaka watu wakasinzia. Kitonga alipopewa kipaza sauti, alifanya alivyolelewa. Alisalimia chifu, wazee wa mtaa, makanisa na msikiti. Alimshukuru rais kwa kuwakumbuka watu wa Kitui, akawashukuru wageni kwa kuvumilia vumbi. Kabla hajaligusa silanga, chifu alikitwaa kipaza sauti. Muda umekwisha, akasema, tufunge kwa maombi.

"Umesalimia kila mtu isipokuwa mbwa wa chifu," Deqa alimnong'oneza.

"Ningeanzaje bila salamu, Mama Ikran?"

Mchungaji aliomba mvua, akaomba amani, akaomba Mungu aubariki mradi wa rais.

"Amina," umati ukaitikia. Deqa naye aliitikia. Tangu utotoni hajawahi kuiacha dua ya mtu ianguke kimya.

Afisa aliigeukia kamera. "Mmesikia wenyewe. Wananchi wa Kyuso wamepitisha kwa sauti moja."

Deqa alimfuata hadi kwenye gari, akamweleza kwamba watu waliitikia dua, hawakupitisha mradi. Afisa alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, na heshima hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi.

"Mama, rais ameshasema. Sisi tulitumwa kuwasikiliza, na tumewasikiliza."

"Na ningekataa mbele ya kamera?"

"Tungeandika kwamba ulikataa."

Gari likaondoka. Jioni Deqa aliwapeleka mbuzi silangani. Walikunywa, wakashiba, wakageuka kurudi nyumbani. Akawazuia kwa fimbo, akawarudisha majini.