Dubu Mwenye Mabega ya Mama

Mjinga siku ile alikuwa Taqialuk mwenyewe, wala hakuhitaji kutafutwa. Alikuja dukani kwa miguu yake, jiwe alilolichonga kalifunga kama mtoto mchanga kwenye ngozi ya sili, mnyama wa bahari ya barafu, mfukoni hana hata risasi moja. Mwindaji asiye na risasi ni mtu wa kuchekwa. Nyumbani kwake walikuwa wakila unga wa kukaanga kwa siku ya nne, na sili walipumua kwenye matundu ya barafu bila wasiwasi, kana kwamba habari zimeshawafikia.

Nyuma ya meza alikuwepo mzungu mwenye duka. Wote walimwita Kidevu, maana kidevu chake kilifika kila mahali kabla ya mwenyewe. Ndiye pekee aliyenunua sanamu.

"Nini hiki?"

"Mama yangu. Siku alipopandishwa meli ya hospitali."

Mwanamke wa jiwe la kijani alikuwa ameinamisha mabega, kofia ya koti imemfunika kichwa, shingoni kinaning'inia kibati cha namba, ambacho serikali iliwavisha watu wa kwao badala ya majina. Alipelekwa kusini kutibiwa kifua, akazikwa huko huko. Taarifa ilifika baada ya miaka miwili, ina namba, haina jina. Hakuwahi kupigwa picha. Uso ule Taqialuk aliutoa kichwani mwake, polepole, kwa majira mawili ya baridi.

Kidevu akaigeuza sanamu, akaikagua nyayo kama anayenunua buti.

"Kazi nzuri. Lakini nani ataweka msiba sebuleni, Taqialuk? Wanunuzi wa kusini wanataka furaha. Nipe dubu anayecheza ngoma, kainua mguu mmoja."

"Dubu hachezi ngoma."

"Wangu wanacheza." Akasukuma kasha la risasi hadi katikati ya meza, kidole akakiacha juu yake. "Jiwe ni hilo hilo. Kichwa kipo, mabega yapo. Chukua tupa ile pale, ulichonge upya."

Wageni wake Kidevu huwaambia kwamba jiwe lenyewe humnong'oneza mchongaji kilichomo ndani. Siku ile jiwe lilinyamaza, Kidevu akalisemea.

Taqialuk akashika tupa. Alianza na kibati. Kofia ya koti ikatoa masikio na pua. Uso uliokuwa ndani yake ukawa vumbi sakafuni. Mabega tu ndiyo yaliyogoma. Dubu akacheza ameinama.

"Mzee kidogo huyu," Kidevu akasema, akiinua kidole kutoka kwenye kasha. "Lakini atanunuliwa."

Taqialuk alipogeuka, mlangoni alikuwa amesimama binti yake wa miaka tisa, Ulluriaq. Alipewa jina la marehemu bibi yake, na kwa mila yao jina lilipomshukia, bibi naye akawa amerudi. Tangu azaliwe, Taqialuk humwita Mama, naye humwita baba yake mwanangu.

"Umefika saa ngapi, Mama?"

"Pua yangu ilikuwa bado ipo."

Taqialuk akamwonyesha kasha, haraka, kama mtoto aliyekutwa akidokoa jikoni. "Kesho tunakula nyama. Wazungu ndio wanaotaka hivyo, Mama. Mimi ningefanyaje?"

Ulluriaq akayatazama magoti ya baba yake, yalivyojaa vumbi la kijani.

"Wazungu walinichukua mimi, mwanangu. Uso wangu waliuacha kwako."