Pua ya Noelene

Kila mwaka mashindano ya picha za sura yanapokaribia, wachoraji wa Sydney huwarukia watu mashuhuri kama nzi kwenye kidonda. Sharti ni kwamba anayechorwa awe mtu anayejulikana, na akae mwenyewe mbele ya mchoraji. Asiyempata mtu hujichora mwenyewe. Ndiyo maana kuta za maonyesho hujaa wanaume wenye ndevu waliojikunjia uso kwenye kioo.

Rupert Lascombe alimpata Noelene Coombes, muogeleaji wa zamani. Noelene alikubali kwa sababu moja tu. Popote picha yake ilipotundikwa, alikuwa bado yule msichana mwenye medali. Sasa alikuwa bibi, na daktari alishamkata kipande cha pua kwa saratani ya ngozi iliyoletwa na jua. Alitaka watu wamwone alivyo, walau mara moja.

Alikaa kitini mwezi wa Februari, banda la bati la mchoraji likichemka, Rupert akimsimulia habari za Rupert.

Siku ya mwisho ya kupeleka picha, Rupert akaifunua.

"Pua ya nani hii?" Noelene aliuliza.

"Yako, mama."

"Yangu imeliwa kama embe. Hii nzima, imenyooka... hebu geuka. Mshenzi wewe, umenipa yako!"

Nyuma yake pichani palikuwa na kioo, na ndani ya kioo alisimama Rupert na brashi yake, mkubwa kuliko Noelene mwenyewe.

"Na jogoo huyu?"

"Majaji wanapenda mchoraji awemo."

"Wanapenda, au unajipenda? Chora pua yangu, hapa hapa. Ukikataa, majaji wakinipigia simu kuuliza kama nilikaa mbele yako, nitasema sikujui."

Rupert alimtazama usoni, kisha akakwepesha macho kama aliyeona panya jikoni.

"Itaharibu picha, mama. Watu wataangalia pua tu."

"Mimi naiangalia kila asubuhi, na chai inashuka."

Rupert akachukua kisu cha rangi. Noelene akadhani amemshinda. Lakini yule bwana alianza kumkwangua yeye pichani: macho, mabega, mikono, vyote vikadondoka sakafuni kama utando wa uji. Kikabaki kiti kitupu, na Rupert kwenye kioo. Kujichora hakuhitaji ruhusa ya mtu.

"Nitaiingiza hivi," alisema, akifuta kisu kwenye suruali.

Noelene alimfungulia mlango.

"Ipeleke, baba. Ndiyo uliyokuwa unachora tangu siku ya kwanza."