Mguu wa Yustina

Mdogo wangu Yustina ana mguu mmoja mwembamba, na mguu huo ndio uliompa kila kitu nilichokitaka mimi.

Msidhani natania. Ugonjwa wa kupooza ulimshika akiwa bado ananyonya, ukaondoka na nguvu zote za mguu wa kushoto. Alipofikia umri wa kuchota maji, hakuweza kuchota maji. Alipofikia umri wa kuchunga, mbuzi walimwacha nyuma. Baba akakuna kichwa, akasema, "Huyu hana kazi hapa nyumbani, apelekwe shule." Mimi nilikuwa na miguu miwili mizima, kwa hiyo nilitolewa darasa la nne nije nishike ndoo na jembe. Na kwa kuwa shule ilikuwa ng'ambo ya korongo, nani alimbeba mgongoni kwenda na kurudi? Damari, yaani mimi. Nilimshusha kwenye mlango wa shule niliyotolewa, nikarudi kulima.

Niliutaka uuguzi tangu utotoni. Tulimpeleka Yustina hospitali mjini Singida, nikamwona msichana mmoja mwenye gauni jeupe na kofia, anamwambia mzee mnene akae chini, na yule mzee akakaa. Mtu mzima mwenye ng'ombe zake anaambiwa na msichana, na anatii. Nyumbani kwetu hata paka alikuwa hanisikii. Niliporudi nilicheza mchezo wa hospitali mpaka nikachapwa, maana mbuzi waliingia kwenye uwele wa jirani.

Sasa, tulipokwisha kuhamia kijiji cha ujamaa hapa Issuna, balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Leonidas, alikuja na habari.

"Mughwai," alimwambia baba, "Bwana Ustawi, yule afisa wa ustawi wa jamii, anakuja kutoka mjini. Serikali itamlipia binti yako masomo ya uuguzi, pamoja na chakula na mavazi. Mwandae."

Hakusema binti yupi, na hakuna aliyemwuliza. Baba yangu ni mfugaji. Kwake yeye, mgeni akija kupewa mnyama, unamtolea aliye mzima, anayeng'aa manyoya. Kumtolea anayechechemea ni kumtukana mgeni na kujitukana mwenyewe. Basi serikali ikija kuchukua binti, atatolewa yupi? Mama alinipaka mafuta mpaka magotini. Yustina aliambiwa akae ndani, nyuma ya vilindo vya magome vya kuhifadhia uwele, asikohoe.

Niliona ananitazama wakati nafunga kitambaa kichwani. Sikumwonea huruma hata kidogo. Nilijisemea, leo na wewe ukae.

Bwana Ustawi alikuwa kijana mwembamba aitwaye Idrissa, mwenye suruali iliyojaa vumbi la barabara. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza kama mimi ndiye mwanafunzi.

"Ndiye," baba alijibu kabla yangu. "Tembea, Damari, mgeni akuone."

Nilitembea. Nilijitwika ndoo iliyojaa, nikavuka uwanja wote bila kuishika kwa mkono, na maji hayakumwagika. Mama alitabasamu. Bwana Idrissa alinitazama miguu, akanitazama mikono, akanitazama macho, na uso wake ukazidi kukunjamana.

"Unaumwa wapi, ndugu?"

"Siumwi popote. Hata homa hainipati."

"Masikio je?"

"Nasikia mpaka wanayonisema majirani."

Alimgeukia baba. "Mzee, nadhani nimepotea nyumba. Nimetumwa kwa binti kilema aliyemaliza darasa la saba. Msaada huu wa masomo umetengwa kwa vilema peke yao. Hawa wazima wana njia zao."

Mimi nilikuwa bado nimesimama na ndoo kichwani. Njia niliyokuwa naijua ilikuwa ya kisimani.

"Nipo huku ndani," sauti ya Yustina ikatoka nyuma ya vilindo.

"Kamlete," mama aliniambia.

Nikatua ndoo, nikaingia ndani, nikainama, akanishika shingo kama siku zote. Nilimtoa nje mgongoni kwangu, nikamweka kwenye kigoda, mbele ya mtu aliyekuja kumpa maisha yangu. Bwana Idrissa alifurahi sana. Alimpa kitabu asome, akasoma vizuri, na kwa nini asisome vizuri? Mgeni akala jogoo wetu, akaahidi kurudi baada ya mavuno kumchukua.

Wivu si maumivu ya kichwa kwamba utalala upone. Niliamka nao. Asubuhi ile ile Yustina aliita kutoka mlangoni, "Dada, nipeleke kwa Cecilia." Cecilia ni rafiki yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu.

"Mwanafunzi wa serikali habebwi," nilimjibu. "Tembea."

Alidhani ni utani. Alisubiri pale mlangoni mpaka jua likapanda. Mimi nilikuwa natwanga, na kila alipoita nilitwanga kwa nguvu zaidi. Mwishowe aliruka kwa mguu mmoja, akishika ukuta wa nyumba yetu ya tembe, na ukuta ulipokwisha akaanguka. Mama alinifokea. Nikamwambia mama, kama anamhurumia ambebe yeye. Mama ana mgongo mbovu, na nililijua hilo.

Sikumbeba tena. Sikumbeba kwenda kanisani wala shambani wala chooni. Majirani walisema nina kijicho, nina roho mbaya, sitapata mume. Mzee Leonidas alinihutubia kuhusu undugu na ujamaa. Nilisikiliza nikiwa nimekunja mikono. Wote walisema kweli, ila hakuna hata mmoja wao aliyemkalisha Yustina mgongoni na kuvuka naye korongo. Undugu wao ulikuwa wa mdomo tu.

Siku moja nilitafuta mchi wangu wa kutwangia nikaukosa. Nilimkuta nao Yustina njiani, ameusimika mbele yake kwa mikono miwili, anajivuta hatua, anasimama, anajivuta tena. Goti lilikuwa linavuja damu. Alinitazama kwa chuki safi kabisa, ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Ninyang'anye na huu," alisema.

Nilitaka kumnyang'anya, kweli. Lakini alikuwa amefika mbali nao kuliko nilivyotegemea, na nilitaka kuona ataanguka wapi. Hakuanguka. Jioni baba, bila kumtazama mtu, alikata mti wenye panda, akauchonga, akaifunga panda kwa ngozi ya mbuzi ili isimchubue kwapani. Nilirudishiwa mchi wangu.

Uwele ulivunwa. Bwana Idrissa alirudi, safari hii na Landrova, na kabla hata hajakaa alimvuta baba pembeni. Sisi wote tulimsikia.

"Mzee, nisamehe, kuna jambo sikulisema. Chuoni mwanafunzi lazima aende mwenyewe kitanda hadi kitanda. Mwaka jana tulimpeleka msichana kutoka Ulemo, wakamrudisha. Alizoea kubebwa. Na huyu wako nilimwona anabebwa."

Moyo wangu uliruka, nasema wazi, uliruka kwa furaha. Kisha Yustina akatoka ndani. Alitia gongo kwapani, akavuka uwanja, akazunguka kinu, akawapita kuku, akafika kwenye gari na kuupigapiga mlango wake kwa mkono.

"Nani amemfundisha?" Bwana Idrissa aliuliza.

Watu walitazama chini. Mama, ambaye alikuwa hajanisemesha vizuri tangu siku ile, alisema polepole, "Dada yake."

Bwana Idrissa alikuja kunishika mkono, akautikisa. "Hongera, ndugu Damari. Taifa hili linahitaji watu kama wewe." Nilingoja aendelee. Hakuendelea.

Nyuma ya Landrova palikuwa juu sana, na gongo halikusaidia. Yustina alinigeukia. Nilimnyanyua, mikono yake ikanishika shingo, pale pale ilipozoea.

"Najua hukunifanyia kwa upendo," aliniambia sikioni.

"Hapana. Ni kwa wivu."

"Najua. Mimi mgongoni kwako nilikuwa naona miguu yako tu, inavyokwenda huko chini. Kila siku, mpaka shule. Nilikuwa naichukia."

Nilimsukuma ndani, nikampa gongo lake, mlango ukafungwa. Hakupunga mkono, maana kwa mmoja alishika gongo na kwa mwingine bomba la gari. Vumbi likawafunika, watoto wakalikimbilia.

Mama alifuta macho, akaniletea ndoo.

Mgongo ulikuwa mwepesi, na sikuupenda wepesi wake. Nilijitwika ndoo tupu, nikaondoka. Njiani nikajikuta natazama chini, naitazama miguu yangu, kwa mara ya kwanza nadhani. Ni miguu mizuri. Inakwenda vizuri sana, haichechemei hata kidogo. Ilinifikisha kisimani.