Mama Salomé Aliyeokoa Maji

...na angesema nini sasa, mbele ya ndoo zote hizi, na mpini wa pampu mikononi mwake, mzito, bado una udongo wa shimo alilouchimbia chini ya kitanda, na Abner, rais wa komite ya maji, anaendelea kuhutubu, "Mama Salomé njo aliokoa mayi ya kwetu," aliokoa, neno gani hilo, na watu wanapiga makofi, hata walimu wenzake, maana vita vilipofika Kamina na wanajeshi wakalala shuleni, ni huyu huyu Abner aliyekuja mbio, "Ufiche mukono ya pompe, basoda basitunyanganye kisima," akauficha, ila wanajeshi hawakuwa na haja na kisima, lori la tangi liliwaletea maji yao kila asubuhi, waliokaukiwa ni majirani, wakarudi kuchota mtoni kama zamani, kabla misheni haijachimba hapa... hapana, asimfikirie Talitha, lakini Ndaya yule pale, wa tatu kwenye mstari, mdogo wake wa tumbo moja, haangalii huku, siku ile alisimama mlangoni na mtoto wake Talitha mgongoni, anaharisha tangu juzi, macho yameingia ndani, akasema, kama mdogo kwa dada yake mkubwa, "Yaya, utoe ile mukono, bidon moja tu ya mayi, mutoto anaisha," naye akajibu, "Komite ilikatala," kwa sauti ile anayotumia darasani, na siku ya pili yake wakamzika Talitha, "...na Mungu amubariki," anasema Abner, ndiyo, Abner, yeye ndiye aliyeagiza, amejiambia hivyo kila siku tangu mazishi, Abner na woga wake, lakini Abner hakuwepo mlangoni, na wanajeshi walikuwa wameshaondoka asubuhi ile kwenda Kaniama, aliyaona malori yao kwa macho yake, alijua, basi kwa nini... kwa sababu Ndaya aliomba, Ndaya mke wa mtu wa reli, Ndaya wa viatu vya Lubumbashi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwomba dada yake hata chumvi, siku ile aliomba, na ilikuwa tamu, ee Mungu, kumwona anaomba, akataka aombe tena kidogo, mara moja tu zaidi, kisha angempa, lakini Ndaya hakuomba tena, aligeuka akashika njia ya mtoni... makofi mengine, na Ndaya naye anapiga, polepole, viganja vinagusana bila sauti, na Abner ameanza shukrani nyingine.