Hesabu ya Nzau

Katika kibanda cha wachongaji pale Gikomba, mwaka ule wa 1994, magogo ya mpingo yalikuwa yakifika Jumamosi asubuhi, na ilikuwa lazima ijulikane kabla ya saa sita nani atachagua kwanza. Zamani watu walishikana mashati kwa ajili ya gogo. Kisha wakakubaliana kucheza ishirini na moja. Kila mchongaji alipewa vijiti kumi vya kuwekea dau, na Roseline muuza chai ndiye aliyegawa karata, kwa kuwa yeye hakuchonga chochote. Aliyemaliza na vijiti vingi alichagua kabla ya wote. Halafu aliweka mkono juu ya gogo lake na kuwaombea wenzake, ili tezo zisiwakate na wateja wasiwakimbie.

Kwa miaka sita maombi hayo yalikuwa ya Mativo karibu kila wiki. Sasa, kwa wiki nne mfululizo, yalikuwa ya Nzau.

Mativo ndiye aliyemfundisha Nzau kushika tezo, tangu siku alipowasili kutoka Machakos na viatu vya kuazima. Siku hizi watalii walipita mbele ya twiga wa Mativo na kusimama kwa Nzau. Hata Ndete, aliyechonga vinyago karibu na mlango, alianza kumtania Mativo kwamba sasa ni mzee wa kufagia takataka za mbao. Mativo alicheka pamoja nao. Usiku hakulala.

Akaanza kumchunguza Nzau anavyocheza. Kila mtu kibandani alijua kwamba ukiwa na kumi na sita, na Roseline ameonyesha kumi, unaomba karata nyingine na kumwachia Mungu. Nzau mara nyingine aliomba, mara nyingine alikataa. Alipokataa, mara nyingi ni Roseline aliyevuta karata kubwa, akapita ishirini na moja na kuwalipa wote.

Mativo akamwuliza siri yake, akitarajia kufichwa. Nzau hakuficha. Alisema amefundishwa na mtu aliyekuwa akipiga deki katika nyumba ya kamari mjini.

"Karata iliyotoka hairudi mpaka Roseline achange upya, Fundi," alisema. "Ikitoka ndogo, mbili hadi sita, naongeza moja kichwani. Ikitoka kumi, picha au ree, napunguza moja. Saba, nane na tisa naziacha zipite. Hesabu ikipanda, najua kubwa bado zimo, basi natulia na kumi na sita yangu. Ikishuka, naongeza karata."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Hata na kumi na tano natulia, ila hapo nangoja ipande zaidi."

Mativo alitamani Nzau angekuwa mchoyo. Mchoyo angemchukia kwa raha. Wiki nzima alijigawia karata kitandani kwake Mbotela, akijaribu kuhesabu, lakini kila mke wake Mbeti alipouliza habari ya chumvi, hesabu ilimtoka. Alikuwa mtu wa mikono. Nzau alikuwa na mikono, na sasa alikuwa na kichwa pia.

Ndipo mchungaji wa Mbotela alipoagiza msalaba wa kanisa, wa mpingo, wa kipande kimoja, mrefu kuliko mkono wa mtu mzima. Katika shehena ya Jumamosi iliyofuata gogo moja tu lilifaa. Lilikuwa limenyooka, halina ufa. Mativo alikuwa amesali katika kanisa hilo tangu ujana wake, na hakuweza kuvumilia kupiga magoti kila Jumapili mbele ya kazi ya Nzau.

Alipotumwa kuchukua karata kwenye sanduku la Roseline, alitoa picha nne akazitia mfukoni.

Mchezo ukaenda. Picha nne hazikutoka, kwa sababu hazikuwamo, na hesabu ya Nzau ikapanda kwa uongo. Wakafika mgawo wa mwisho, Nzau na Mativo wakiwa sawa kwa vijiti. Roseline alionyesha kumi. Nzau alikuwa na kumi na sita. Alifumba macho kidogo, kisha akasema ametosheka. Mativo alikuwa na kumi na tano. Akaomba karata, ikaja tano. Roseline akafunua karata yake ya chini, nne, akaongeza nyingine, nayo ikawa tano. Kumi na tisa. Nzau ameshindwa, Mativo ameshinda.

"Nilipotea mahali," Nzau alisema, akitikisa kichwa. "Pole yangu. Hongera, Fundi."

Hakumshuku hata kidogo. Alishuku kichwa chake mwenyewe.

Watu wakavua kofia. Mativo akaweka mkono juu ya gogo, akafungua kinywa kuomba, na maneno aliyoyajua tangu utotoni hayakuja. Akamwambia Nzau aombe badala yake. Nzau akaomba bila kusita. Akamshukuru Mungu kwa ajili ya Mativo, mtu aliyemfundisha kazi alipokuwa hana pa kulala.

Kabla ya amina, Mativo akasema, "Ngoja. Hukupotea. Nilitoa picha nne."

Hakuna aliyetukana. Roseline alikusanya karata zake, na Ndete akatangaza hukumu ambayo wote waliijua: mwizi wa karata huchagua mwisho. Nzau akachagua gogo lililonyooka. Mativo alibakiwa na lililopinda, lenye ufa kama mdomo.

Alikuwa akiliburuta kwenda kwenye kona yake Nzau alipomwita.

"Fundi, njoo uniambie niingie upande gani. Gogo refu namna hii sijawahi kulichonga."

Mativo akasimama. Hata kusamehe kulimjia Nzau upesi hivyo, na jambo hilo nalo likamchoma. Akaomba moyoni, si kwa ajili ya gogo tena, bali apewe nguvu za kuvuka hatua zile tano kati yao. Akazivuka. Akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi za mti mpaka akaona zinakoelekea.

"Anzia huku," akasema, na sauti yake ilikuwa bado na uchungu.