Breki ya Mkono

Mlangoni mwa ghala letu kuna sanduku la mbao, na ndani yake utakuta mikanda ya suruali, saa, pete za ndoa na mafungu ya funguo. Hakuna aliyeporwa. Ni vitu vya watu waliotaka kuingia, na mama mkwe wangu amewavua. Meneja mwenyewe huvua mkanda pale, akaingia ameshikilia suruali kwa mkono mmoja, na hakuna anayethubutu kucheka kwa sababu sote tumeshashikilia za kwetu. Chuma cha mkanda kikigusa mlango wa gari jipya kinaacha mstari, na gari lenye mstari si jipya tena, hata kama halijawahi kukanyaga barabara.

Mimi ni muuzaji. Kazi yangu iko mbele, ukumbini, kwenye vioo na marumaru, ambako natabasamu mpaka mashavu yanauma. Lakini hapa kazini wananiita Mkwe tu, kwa kuwa nilimwoa binti wa mtunza ghala, na mtunza ghala ana sifa kutushinda sote. Yeye wanamwita Mama Glovu, maana hagusi gari bila glovu zake nyeupe za pamba. Alianza hapa miaka ishirini na mbili iliyopita akipiga deki. Leo gari halitoki mpaka yeye aseme litoke.

Watu wanadhani gari la spoti likishuka melini linapanguswa vumbi na kuuzwa. Nacheka sana. Gari linatufikia na plastiki nyeupe juu ya boneti, povu kwenye milango, na vipande vya plastiki ngumu vimebanwa ndani ya springi ili lisirukeruke safarini. Kompyuta yake nayo imelazwa, kiasi kwamba hata ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, linajikongoja tu. Mama mkwe huliamsha taratibu. Vipande vya springi akivitoa anavipanga mezani, vinne, na fundi lazima avihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea, kwa sababu kimoja kikisahauliwa mteja ataendesha gari la ndoto yake akidhani amepanda mkokoteni.

Halafu huanza kulitunza. Matairi anayajaza upepo kuliko kawaida yasije yakabonyea kwa kusimama, na kila Jumatatu tunalisukuma robo mzunguko ili uzito uhame. Betri inalala na chaja, taa ya kijani ikiwaka. Bodi inafunikwa kwa kitambaa laini ambacho mimi nimekitamani kwa shuka. Akitaka kujua kama rangi ni safi, haiangalii. Anavaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na kuupitisha juu ya boneti, na chembe ya mchanga ambayo wewe hungeiona hata kwa darubini yeye anaisikia kidoleni. Nimeshamtazama akifanya hivyo nikasahau nilichokuwa nimefuata.

Na ghalani kwake breki ya mkono ni mwiko. Hapo ndipo madereva wazuri wanapoumbuka, maana mtu aliyefundishwa vizuri hawezi kushuka garini bila kuiweka. Lakini gari likikaa siku nyingi breki imebana, hasa kama limeoshwa, kutu inatambaa kati ya pedi na diski, vinang'ang'aniana. Kwa hiyo gari huzuiwa kwa kabari za mbao chini ya matairi, breki inaachiwa, na kila aliyeligusa anaandika kwenye kadi inayoning'inia kwenye kioo cha ndani: tarehe, alichofanya, jina lake.

Mwaka huu jicho lake la kulia likaanza kuingia ukungu. Hakumwambia mtu, ila nilimwona akiisogeza geji ya upepo mpaka puani, na mara mbili aliniita, "Baba, hebu nisomee hapa, taa za humu siku hizi hazina nguvu." Taa zilikuwa zilezile. Meneja naye aliliona hilo. Siku moja aliniita ofisini akafunga mlango.

"Mkwe, huyu mama namheshimu kama aliyenizaa," alisema. "Lakini kuna kampuni ya nje inaitaka kazi ya ghala, na wakubwa hawaniachi nipumue. Likiharibika gari moja tu kwa sababu ya macho yake, sina tena la kumtetea. Itabidi aende nyumbani."

Nilitoka pale nimenywea. Sikumwambia hata mke wangu.

Mwishowe mama mkwe alikwenda hospitali, akaambiwa ni mtoto wa jicho, akapangiwa upasuaji na mapumziko ya wiki mbili, ambayo aliyachukulia kama tusi. Siku ya kuondoka alilipitia kila gari, akaandika kadi zote kwa mwandiko wake mkubwa wa mviringo, akanikabidhi ufunguo.

"Usiguse kitu," aliniambia. "Na ukigusa, andika."

Kesho yake nikagusa. Alikuja daktari wa meno mmoja, mwanamke wa makamo, aliyechungulia vinywa vya watu miaka thelathini na sasa alitaka kitu cha kumfurahisha yeye mwenyewe. Macho yake yaliangukia gari la njano, lile la milango miwili lililokaa kwetu wiki kumi. Nikalitoa uani alione kwenye mwanga, nikalizungusha mara mbili huku ameketi pembeni yangu, na mvua ikatunyeshea. Alipoondoka nililiosha, nikalikausha vizuri sana juu, nikalirudisha. Simu yangu ikaita. Nilibonyeza kitufe cha breki ya mkono kama ninavyobonyeza cha gari langu kila jioni mlangoni kwangu, nikapiga kabari, nikafunika, nikatoka mbio huku nasema "haloo." Kadi nikajiambia nitaandika baadaye. Baadaye hiyo haikufika.

Siku kumi zikapita, na Jumatatu ilipofika hatukusukuma gari hata moja, maana tuliambiwa tusiguse kitu. Jumamosi asubuhi daktari wa meno alikuja kuchukua gari lake. Alikuwa amenunua viatu vipya vya kuendeshea, vyepesi, na alikuwa akivitazama kila baada ya dakika kama msichana. Meneja alivaa tai. Na mama mkwe, ambaye alipaswa kuwa kitandani, alitokea na kiraka cheupe jichoni na glovu mkononi, kwa sababu alisikia la njano linatoka na hakuna gari lililotoka bila yeye.

Fundi akatoa kabari, nikaingia, nikawasha. Injini ile ikiunguruma hata mimi niliyeuza nyingi nywele zinanisimama. Nikaachia breki, nikagusa mafuta. Gari likachuchumaa nyuma, likanguruma, halikwenda popote. Nikaongeza kidogo. Pakatoka mlio wa chuma upande wa kulia.

"Zima!" mama mkwe alipaza sauti. "Zima hiyo injini, unaliua!"

Nikazima. Daktari wa meno alikuwa ameweka mkono kifuani. Mama mkwe aliniambia niweke gia huru, akamwamuru fundi na meneja wasukume kidogo mbele, kidogo nyuma, yeye ameinama, sikio limeelekea matairi ya nyuma. Hakugusa chochote. Alisikiliza tu.

"Nyuma kushoto," akasema. "Kulia imeachia, kushoto imeshikana. Hili gari limekaa na breki ya mkono."

Meneja aliinama dirishani akachomoa kadi, akaisoma, akaisoma tena. Aliponyoosha mgongo hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama," alisema, "aliyeandika mwisho hapa ni wewe."

Mama mkwe aliipokea kadi akaisogeza karibu na lile jicho lisilofunikwa. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo.

"Mwandiko ni wangu," akasema. Halafu, polepole: "Basi ni mimi. Nitakuwa nimebonyeza bila kujijua."

Nikaelewa papo hapo: ananikinga. Anajua ufunguo ulikuwa kwangu, na amejitwika mzigo wangu mbele za watu.

"Mama," meneja alisema huku akitazama viatu vyake, "nadhani wakati wa kupumzika umefika. Tutazungumza vizuri, tutakuaga kwa heshima."

Nisijisifu. Nilinyamaza. Nilijiambia mambo mengi kwa muda mfupi: kwamba ana umri wa kupumzika, kwamba nina watoto wawili, kwamba mwenyewe kapenda. Kisha nikamwona anaanza kuvua glovu, kidole kimoja kimoja, taratibu, akivipapasa kana kwamba hajui vinatokaje. Roho ikaniuma, sikuweza tena.

"Mama anasema uongo," nikasema.

Nilikuwa nimetafuta neno lenye adabu, nikalikosa. Mama mkwe humwambii kwamba kasema uongo, hata kama kasema mvua inanyesha kutoka chini kwenda juu. Fundi alinitazama kama nimemzaba kofi.

"Gari nililitoa mimi," nikaendelea kabla ulimi haujanikauka. "Nililiosha mimi, nikaliegesha breki zimelowa, nikabonyeza mimi, na kadi sikuandika. Yeye siku hiyo alikuwa hospitali."

"Ni kweli," daktari wa meno alisema. "Aliniendesha huyu. Tulinyeshewa wote wawili."

Meneja aliifuta shingo kwa leso. Mama mkwe alikuwa amesimama na glovu moja mkononi, nyingine imevuliwa nusu, ananitazama kwa jicho moja, na lile moja lilinitosha.

"Umeniitaje?" akauliza.

Akavaa glovu zake tena, zote mbili, akanigeuzia mgongo.

"Leteni jeki," akasema. "Na ule mto wa mpira, msije mkaniumizia bodi."

Fundi alikuja na jeki na nondo ndefu ya kubandulia, akatazamwa na Mama mara moja tu, akairudisha nondo alikoitoa. Gurudumu lilipotolewa, mama mkwe alipiga magoti juu ya godoro dogo, akafunga kitambaa kwenye nyundo ya mpira, akaanza kugonga kuizunguka diski. Hakugonga kwa nguvu. Aligonga kidogo, akaweka kiganja, akasikiliza, akahama upana wa vidole viwili, akagonga tena. Mimi nimeuza magari yanayoruka kama risasi na nimeyasifia kwa kila neno ninalolijua, lakini sijaona kitu kizuri kama mwanamke yule na jicho lake moja akiibembeleza breki ile iachie. Mara ya tisa au ya kumi ikatoka sauti ndogo, tak, na diski ikazunguka yenyewe.

Akaizungusha kwa mkono, akamwambia fundi akanyage breki kidogo, aachie, akanyage tena, mpaka kutu ikafutika na chuma kikang'aa. Alizikagua pedi zote mbili kuhakikisha hazijabanduka. Kisha akavaa mfuko wake wa plastiki, akapitisha mkono kuanzia taa za nyuma hadi mlangoni, kuhakikisha hatukuliachia alama.

"Liko salama," alimwambia daktari wa meno. "Ila ningekuwa mimi, leo ningeendesha taratibu, nakanyaga breki mara kwa mara. Likikuzomea kidogo, usiogope, litaacha."

"Nitalirudisha kwako kila nikitaka kulisafisha," daktari wa meno alijibu. Sikumbuki mimi kama nilipata hata kwaheri.

Gari la njano lilipotoka getini, meneja alilegeza tai. "Mkwe, kuanzia Jumatatu huuzi gari. Miezi mitatu utakuwa ghalani, chini ya Mama, ujifunze."

"Simtaki," mama mkwe alisema.

"Mama..."

"Mtu wa kuniita mwongo mbele ya mteja simtaki ghalani kwangu."

Alisema ghalani kwangu, na meneja hakumsahihisha. Alikohoa tu, akasema tutamalizana wenyewe kifamilia, akaenda zake. Nikajua kwamba ile kampuni ya nje itangoja sana.

Nilimfuata ndani. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kati ya magari mawili yaliyofunikwa, na mabega yalikuwa yanatetemeka. Nikachuchumaa mbele yake, mbali kidogo.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Najua ulikuwa unanikinga. Sikustahili."

"Kukukinga?" Akainua uso. "Nikukinge wewe kwa lipi? Ningejua ni wewe ningekuchapa palepale na hiyo nyundo."

"Lakini ulisema ni wewe."

"Kwa sababu niliona mwandiko wangu!" Sauti ilimkatika. "Sikusema uongo, baba. Nilidhani ni mimi kweli. Miezi yote hii nikilala nawaza, leo nimesahau nini, leo nimepita nini bila kukiona. Nilipoiona ile kadi nikasema, haya, imefika. Siyo jicho tu. Hata mikono haijui tena inachofanya."

Kumbe pale uani, nilipokuwa nanyamaza na kujihesabia watoto wangu, sikuwa namnyang'anya kazi peke yake. Nilikuwa namwacha aende nyumbani akiamini hivyo maisha yake yote.

Alifuta chozi chini ya jicho zima, kwa uangalifu, maana daktari wa macho alimkataza kulia, akacheka kidogo kwa kukumbuka kwamba kakatazwa.

"Hebu niambie tena," akasema. "Nani alibonyeza?"

"Mimi, Mama."

"Kwa kidole chako?"

"Kwa kidole changu hiki."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Hospitali. Umelala."

Akavuta pumzi ndefu, akaishusha. "Rudia," akasema, "tangu mwanzo. Ulipochukua ufunguo."

Nikarudia.