Nusu ya Shamba la Mama

Niliporudi na mama kutoka hospitali Sumbawanga, kitu cha kwanza nilichokiona ni kamba. Ilikuwa imeviringishwa vizuri na kutundikwa kwenye msumari wa mlango, na vigingi vyake vimefungwa pamoja kama mzigo mdogo wa kuni. Nikajua. Sikuwa na haja ya kwenda shambani, lakini nilikwenda baada ya kumlaza mama na kumwekea mto chini ya mguu.

Shamba lote lilikuwa ntumba. Kuanzia barabarani mpaka chini kwenye kijito, vilima vya duara vilikuwa vimepangwa safi, udongo bado mbichi, ncha za majani zikichungulia pembeni. Ilikuwa kazi nzuri sana. Nilitaka kulia, ila nilikuwa nimechoka na safari.

Kamba ile ilikuwa imegawa shamba katikati. Nusu ya juu ilikuwa ya ntumba. Nusu ya chini haikutakiwa kuguswa mpaka Jumatatu.

Huku kwetu upande wa Mwazye, mvua zikikaribia kuisha na majani yakiwa marefu, tunayakusanya na kuyafukia ndani ya kilima cha udongo. Hiyo ndiyo ntumba. Majani yanaoza humo humo. Juu yake tunapanda maharage, na mvua za mwaka unaofuata zikianza tunasambaza kile kilima na kupanda ulezi. Mama alifundishwa na mama yake, nami nilifundishwa na mama, hata kabla sijaacha shule.

Bwana Gaudensi, afisa kilimo, alikuwa hazitaki. Alisema kwenye mteremko maji hupita katikati ya vilima na kubeba udongo mpaka kijitoni. Alitaka watu walime matuta marefu ya kukinga mteremko, kwa ng'ombe, na watie mbolea ya dukani. Alikuwa ameshaandaa sheria ndogo, inasubiri kikao cha madiwani. Ikipita, ntumba zitakatazwa mashamba yote ya mteremko. Shamba letu lote ni mteremko. Ng'ombe hatuna, na mbolea ya dukani hatuiwezi. Tuna majembe, mama na mimi, na sasa mama ana mguu mmoja mzima.

Dada Otilia wa chuo kikuu alikuwa na maneno mengine. Alikuwa akija kila kiangazi, anapanga chumba Majengo mjini, anapanda pikipiki mpaka kwetu kupima udongo. Yeye alisema ntumba zinashika udongo kuliko watu wanavyodhani. Siku moja wale wawili walikutana uani kwetu kwa bahati mbaya, mimi nikiwa napepeta ulezi, wakaanza kutupiana maneno kama watu wanaogombea kiwanja.

"Ripoti yako niliipata," alisema bwana Gaudensi. "Kitabu kizima! Madiwani wananipa dakika kumi, dada yangu. Nisome ukurasa upi?"

"Ungesoma hata mmoja."

"Kimeandikwa Kiingereza."

"Ungenipigia simu nikueleze. Ninyi mnaamua kwanza, halafu sisi mnatuita tuje kupiga makofi."

"Na ninyi mnakuja shule zikifungwa, mnapima, mnaondoka, majibu yanatoka baada ya miaka, mimi nimeshahamishwa."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka. Akawaambia wapunguze sauti, kuku wanaatamia. Wakanyamaza wote wawili, halafu bwana Gaudensi akacheka. Ndipo akasema: tuchukue shamba moja, nusu yako, nusu yangu, tuone mavuno na tuone udongo. Likitoka jibu nitalipeleka kwa madiwani mimi mwenyewe, hata kama litaniumbua. Dada Otilia akasema sawa. Wakaangalia pande zote kana kwamba shamba litashuka kutoka juu. Mama akasema, basi chukueni hili.

Kwa hiyo tuliweka kamba. Nusu ya chini, majani yangefyekwa na kuondolewa, kisha Masanja, anayelimia watu kwa plau, angekuja Jumatatu na ng'ombe wake kulima matuta. Kwa nusu ya juu niliwapikia watu pombe ya ulezi waje kutulimia ntumba Jumamosi, kama tunavyofanya siku zote. Mguu wa mama ukavimba Ijumaa. Tukaondoka alfajiri iliyofuata, nikaiacha pombe kwa baba mdogo Isdori, ambaye ndiye huwa anaongoza watu wa mtaa wetu wakienda kulima. Nilimwambia walime. Kuhusu kamba sikusema neno. Nilidhani kamba inajisemea.

Jumatatu walikuja pamoja kwenye gari moja. Hilo nalo lilikuwa jipya. Masanja alikuwa ameshafika na ng'ombe wanne na plau. Bwana Gaudensi alishuka, akatembea mpaka ukingoni, akasimama mikono kiunoni.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Binti, nusu yangu iko wapi?"

Masanja akajibu badala yangu. "Nusu yako imezikwa, bosi. Nimewaamsha ng'ombe bure."

Dada Otilia alikaa chini kwenye majani yenye umande, na suruali yake safi. Alifunika uso kwa mikono. "Nimeomba hili shamba kwa wakubwa wangu mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima, Avelina."

Baba mdogo Isdori alikuwa ameliona gari, akaja, na jembe begani, amefurahi. Alidhani wamekuja kuisifu kazi. Alisalimia, akaonyesha mteremko kwa mkono. "Tulikuta mmetupimia nusu tu," alisema. "Nikawaambia wenzangu, mama huyu mgonjwa, mume hana, tumuachie shamba nusu watu wapite waseme nini? Tukamaliza. Jua lilikuwa linazama."

"Na kamba, mzee?" aliuliza bwana Gaudensi.

"Kamba tumeirudisha nyumbani. Haikupotea."

Bwana Gaudensi alinitazama, kisha akamtazama dada Otilia, na nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa anajizuia asicheke, lakini hakuwa na furaha. "Kikao ni wiki ijayo," alisema polepole. "Nikiwa na jaribio linaloendelea, nitasema, waheshimiwa, tusubiri mavuno, chuo na sisi tunafanya hili pamoja. Nisipokuwa nalo, sheria iko mezani. Nitaizuia kwa sababu gani?"

"Mwambie mwenyekiti," alisema dada Otilia.

"Nimwambie nini? Kwamba majirani wana huruma?"

Dada Otilia aliinuka, akashuka nusu ya chini. Alifukua ntumba moja kwa vidole, akatoa shada la majani. Yalikuwa kijani bado, yananuka kama yamekatwa asubuhi ile. Akaniita nikaribie.

"Hayajaanza kuoza," alisema. "Tukiyatoa leo yote, na udongo ukasawazishwa, Masanja anaweza kulima matuta kesho. Haitakuwa kama ilivyokuwa, lakini itafaa. Kesho kutwa haitafaa." Alinikabidhi lile shada. "Shamba ni lenu. Siwezi kukuamulia."

Bwana Gaudensi naye akanitazama. Wote wakanitazama, hata Masanja, ambaye alikuwa anawakuna ng'ombe wake shingoni.

Mtu asiye wa huku angesema ni kazi ndogo, kufukua. Lakini kwetu, kazi ya watu waliokuja kukulimia haifumuliwi. Ukiifumua umewaambia hukuwataka. Mwaka unaofuata unapika pombe, inachacha, hakuna anayekuja. Nilimwona mama mmoja wa kijiji cha jirani aliyeng'oa mahindi aliyopandiwa kwa sababu mistari ilipinda. Alihamia kwa kaka yake huko Matai.

Niliwaza nikiwa nimeshika shada lile. Nikiacha, wiki ijayo sheria inapita, na ntumba hizi zitakuwa za mwisho. Nikifumua, ntumba zinaweza kupona, lakini nani atakuja kuzilima.

Nilipanda kwa baba mdogo Isdori. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Nilipiga goti kidogo, nikatazama jembe lake kwa sababu usoni sikuweza.

"Baba mdogo, naomba."

"Unaomba nini, mwanangu?"

"Kufumua huku chini."

Alilishusha jembe chini. "Mgongo wangu unauma mpaka sasa kwa ajili ya huko chini."

"Najua, baba mdogo."

"Tumekukosea?"

"Hapana. Nilikosea mimi, sikusema. Hawa wanataka waone huku ntumba na huku matuta, ndipo waamue kama tutaachiwa ntumba. Wasipoona, wanazikataza."

Alimtazama bwana Gaudensi kwa muda mrefu. "Huyu ndiye anataka kuzikataza?"

"Ndiye. Lakini amekubali kungoja."

"Kwa hiyo tunafumua ntumba ili tuziponye." Alitikisa kichwa. "Mambo ya maofisi haya. Haya. Fumua. Ila pombe tumeshainywa, hiyo haturudishi."

Masanja alicheka kwa sauti kubwa, peke yake. Baba mdogo hakucheka. Aliweka jembe begani akaondoka kwa njia ya juu, hakuaga.

Nikaenda kuchukua jembe la mama na la kwangu. Nilianza kwenye mstari wa chini kabisa, mbali na barabara, nisionekane. Nilichana ntumba, nikavuta majani, nikayatupa pembeni, nikasawazisha. Kila moja nilijua aliyeilima kwa jinsi ilivyokaa. Mke wa baba mdogo hupiga udongo kwa kisigino cha jembe, juu inabaki bapa kama mkate.

Nilisikia mtu nyuma yangu. Dada Otilia alikuwa ameshika jembe la mama. Baadaye kidogo bwana Gaudensi akavua viatu, akakunja suruali, akaazima jembe la Masanja. Alikuwa hajui, au alikuwa amesahau.

"Bosi, unamchimbia panya kaburi?" aliuliza Masanja.

"Wewe nyamaza, kesho zamu yako."

Walifukua wakiwa wanabishana. Kwanza mpaka ulikuwa wapi, nikaenda kuileta kamba. Halafu nani atakuja kupima mvua zikinyesha, maana dada Otilia atakuwa anafundisha. Bwana Gaudensi akasema atapita yeye, dada amwonyeshe tu namna ya kupima. Dada Otilia akasimama, akamtazama kana kwamba amesikia vibaya.

"Wewe mwenyewe?"

"Sasa nimtume nani? Gari moja, afisa ugani mmoja, kata zote hizi." Alipumua kwa nguvu, jasho linamtoka. "Na hiyo karatasi ya madiwani tuandike wote wawili leo, kabla sijaondoka. Ukurasa mmoja. Kiswahili."

"Ukurasa mmoja hautoshi."

"Utatosha, dada. Mikono yangu haiwezi zaidi."

Watu walipita barabarani wakitoka gulioni. Walipunguza mwendo, wakatazama. Wengine walisalimia, wengine hawakusalimia. Mke wa baba mdogo alikuwa kati yao. Alisimama, akatazama mstari wake ulivyosambazwa, akajifunga kanga upya, akaendelea. Niliendelea kufukua.

Jua lilipoinama tulikuwa tumemaliza, hatuna sauti. Walinywa maji, wakaandika karatasi yao juu ya boneti ya gari, wakaondoka. Nilirudi nyumbani mikono imetoka malengelenge.

Mama alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, amekaa, mguu ameunyoosha mbele. Alikuwa amesikia majembe mchana kutwa.

"Isdori alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Alisemaje?"

"Amekubali."

"Alikaa?"

"Hakukaa, mama."

Akausugua mguu kuanzia goti kushuka chini, taratibu.

"Basi mwaka huu tutapalilia wenyewe," alisema. Kisha akaniomba nimsaidie kusimama.